Mke wangu amepikia bizari ya marehemu mama. Nilete kabati lenye kufuli?

Shangazi, assalaam alaykum. Shikamoo.

Nina miaka 46, nina mke na watoto watatu, na tunakaa Mpendae. Kwetu asili ni Pemba, upande wa Mtambwe. Jambo langu ni la jikoni na huenda wengine wakaliona dogo, lakini hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Mimi napenda viungo. Kula pilau kila mtu anapenda. Mimi napenda kuvichagua, kuvinusa, kuvitia chupani na kuviandika. Nikienda Darajani naweza kumaliza saa nzima kwa muuzaji mmoja. Navunja mdalasini nisikie unavyolia, nabana karafuu kwa ukucha nione kama inatoa mafuta. Isiyotoa mafuta siichukui hata nikipewa bure. Iliki nanunua ndani ya maganda yake, kwa sababu ikishamenywa harufu haikai. Kungumanga naitikisa sikioni: ikiwa imekauka sawasawa, kokwa hugonga ndani ya gamba. Pilipili manga naifuata Kizimbani. Uzile hauoti kwetu, tunaletewa kutoka India, lakini hata huo nina duka langu moja ninaloliamini.

Nina chupa 52. Nyingi zilikuwa za jemu, na 12 mpwa wangu alinitumia kutoka Dubai, zina mpira kwenye kifuniko. Kila moja ina karatasi: jina la kiungo, kilikotoka, mwezi na mwaka. Ya kwanza niliiandika Machi 2021, "Karafuu, Mtambwe". Zinakaa kabatini mbali na moto, maana mwanga huifubaza manjano na joto huitoa harufu ikaenda zake. Nina na daftari la kuandika kilichoingia na kilichotoka.

Mke wangu ni mwalimu wa skuli ya maandalizi na ni mpishi hodari. Alipoolewa alikuja na mkebe wa bati wa duara wenye vikopo saba ndani, aliopewa na mama yake. Nilimweleza kuwa vikopo vile havina vifuniko, kwa hiyo karafuu inaingia kwenye manjano na uzile unaingia kwenye iliki. Nikauweka juu ya kabati, na viungo vyake nikavihamishia kwenye chupa. Hakusema kitu. Kasoro yake ni moja: hutikisa chupa juu ya sufuria inayofuka, mvuke ukaingia, bizari ikashikana mabonge. Nimemwambia mara nyingi atumie kijiko kikavu. Siku moja akanijibu, "Nikitaka iliki mbili nifungue daftari?" Nikadhani anatania.

Marehemu mama, Mungu amrehemu, alifariki Novemba 2020. Yeye ndiye aliyenitia mapenzi haya. Msimu wa karafuu tulikuwa tukikaa barazani usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo huku, vidole vinanata, naye anatuhadithia kimbunga cha 1872 kilivyoilaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, utadhani alikuwapo. Mara ya mwisho alipokuja kwetu aliniletea bizari ya pilau aliyoikaanga na kuitwanga kwa mkono wake, ndani ya kopo kuukuu la maziwa ya unga, limeshika kutu mdomoni. Kipimo chake hakuniachia. Nililiweka rafu ya chini, nyuma kabisa. Sikupikia hata siku moja. Usiku watoto wakilala nilikuwa nalifungua, nanusa, nalifunga. Kopo hilo sikulibandika karatasi. La nini? Nyumba nzima inalijua.

Siku ya pili ya Sikukuu nilialika wenzangu watatu wa kazini. Pilau ikaletwa. Tonge la kwanza tu nikasema mbele ya wageni, "Leo umepika kama marehemu mama." Mke wangu akacheka, akasema, "Si ile bizari yake! Nimeitia yote."

Sijui tonge lile lilishuka vipi. Nikatoka uani, nikaliona kopo limeoshwa, limepinduliwa kwenye kizingiti cha dirisha, linachuruzika maji. Nikatia pua ndani. Sabuni.

Usiku nikamuuliza kwa nini. Akasema hakujua kuwa si ya kupikia, na kuwa aliiona inaharibika bure. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye akasema, "Jiko hili ni lako. Mimi mpishi wako tu." Tangu siku hiyo kwetu ni salamu na mambo ya watoto.

Shangazi, nimeagiza kabati kwa seremala, la mbao ya mfenesi, vyumba vidogo 60, milango miwili, kufuli ya shaba na ufunguo mmoja. Limekwisha. Nimeshalipa laki tatu, nusu ya bei, na fundi kila siku ananipigia simu nikalichukue. Nilete? Kazi yangu hunipeleka Pemba siku nne tano kila mwezi, na nikiwa huko roho haitulii kwa kufikiria chupa zangu. Tena kuna saa nadhani alifanya kusudi. Mtu wa namna hiyo nitamwamini vipi na kitu chochote cha mama?

Mpenda Viungo, Unguja

*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Marahaba.

Pole kwa kufiwa na mama. Najua ni miaka sasa, na pole za watu huisha arubaini ikishasomwa. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na kila nikifika pale kwenye sabuni naona mtu aliyefiwa upya, tena mbele ya wageni, mkono uko kwenye sinia, hana pa kwenda kulia. Hilo si dogo, na wala usikubali mtu akwambie ni bizari tu.

Acha nikurudishie nilivyosikia, uone kama nimesikia sawa. Una kitu kimoja kilichobaki cha mkono wa mama yako. Ulikitunza kwa njia yako. Mkeo akakitia chunguni bila kukuuliza, na aliposema alisema huku anacheka. Wewe ukaumia, ukatoa maneno makali, naye akakujibu kwa neno ambalo pengine lilikuwa limemkaa moyoni zamani. Sasa kabati liko kwa fundi, ufunguo unao wewe, na unaniuliza juu ya kabati. Nahisi swali lako kubwa ni lile la mwisho: kama mwanamke huyu alikuumiza akijua anachofanya.

Sijui. Sikuwapo, sikuiona sura yake. Wewe uliiona. Ulimsikia anacheka, na tangu hapo kicheko kile umekifasiri kwa namna moja. Hebu kirudie polepole. Mume, mbele ya wenzake, amemwambia mkewe kuwa leo amepika kama mama yake. Wanawake wangapi wa Unguja na Pemba wanalisubiri neno hilo miaka ishirini wasilipate! Mtu akisifiwa hivyo akacheka na kutaja papo hapo alichotia, bila kuulizwa, je, huyo anaficha jambo? Pengine alikuwa anakupa zawadi, anadhani umeipokea. Inawezekana pia kuwa mnajuana kuliko ninavyowajua mimi, na kulikuwa na kitu kingine katika kicheko kile. Sikufungii mlango huo. Ila kabla hujaushikilia, nionavyo mimi, kopo lile lilikuwa na fumbo moja ambalo mwenyewe umeniandikia bila kulitaja.

Una chupa 52 na kila moja ina karatasi yake. Mgeni akiingia jikoni mwako usiku wa manane atajua karafuu ni za wapi na za mwaka gani. Kopo moja tu ndilo halikuwa na karatasi, na ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote. Unasema nyumba nzima inalijua. Inajua nini hasa? Kwamba ni bizari ya mama, ndiyo, maana mkeo mwenyewe kaitaja hivyo. Lakini kwamba haipikiwi, kwamba wewe huamka usiku ukainusa, hilo alilijua nani? Ulimwambia lini? Wewe ulifungua watoto wakishalala. Sikulaumu. Wanaume wengi wa kwetu wamefundishwa kulia hivyohivyo, usiku, peke yao, kimya. Nakuuliza tu mwenzako angelisoma wapi jambo ambalo hukuliandika wala hukulisema.

Sisemi kuwa mkeo alifanya sawa. Kitu cha marehemu huulizwa kabla hakijaguswa, na bizari iliyokaa miaka nyuma ya rafu bila kutumiwa ilikuwa na sababu ya kuwa pale. Angeuliza. Akikwambia siku moja, "Kweli, ningeuliza," utakuwa umepata haki yako.

Nikwambie na jambo la viungo, maana naona tunapenda kitu kimoja. Harufu ya kiungo ni mafuta yanayoruka. Karafuu nzima huyafungia ndani yake, ndiyo maana nzima hukaa miaka na ukucha ukaipata bado ina mafuta. Ukishatwanga umeyafungulia mlango, na bizari ya kutwanga huanza kufifia baada ya miezi, hata ukiifungia kwenye chupa ya Dubai yenye mpira kwenye kifuniko, sikwambii kopo la bati lenye kutu mdomoni. Bizari ya mama yako ilikuwa njiani kuondoka tangu alipoitia ndani ya kopo. Na samli ya moto hutoa kwenye kiungo harufu ambayo pua juu ya kopo baridi haiipati tena. Siku ya pili ya Sikukuu ulisema kwa mdomo wako, kabla hujajua lolote, kuwa umeonja mapishi ya mama. Sikutajii haya ili ufurahi. Huzuni yako ni halali hata hivyo. Nimeona tu si vizuri ukaamini kuwa kama si mkeo, mama angebaki ndani ya kopo lile.

Kuna kopo jingine katika barua yako. Mkebe wa duara wenye vikopo saba, alioingia nao mkeo nyumbani kwako, kutoka kwa mama yake. Uko juu ya kabati. Umeueleza kwa sentensi nne hivi, na sababu uliyoitaja ni moja tu, harufu kuingiliana. Kwa elimu ya viungo ni kweli ulivyosema: vikopo vya wazi chini ya kifuniko kimoja huchanganya harufu. Lakini mkebe ule haukutengenezwa kuhifadhi. Ni wa kupikia, unatia kijiko kimoja kimoja cha kutosha wiki, unaisha kabla haujapoteza harufu, unajaza tena kutoka kwenye chupa. Chupa zako na mkebe wake vingeweza kukaa jiko moja na kusaidiana, na mkono wake ungeacha kutikisa chupa juu ya mvuke, kwa sababu asingekuwa na haja ya kuzigusa anapopika. (Kuhusu mvuke na kijiko kikavu niko upande wako kabisa, hasa msimu wa masika.) Umesema hakusema kitu ulipouhamisha. Umewahi kumuuliza kimya kile kilikuwa cha nini? Mimi nilipofika kwenye maneno yake, "Jiko hili ni lako," nilirudi juu ya barua kuutafuta mkebe ule.

Sasa kabati.

Unaweza kulileta kama lilivyo, na kufuli yake. Ni mali yako, fedha umeshatoa, na mbao ya mfenesi haipigwi teke. Viungo vitasalimika, hilo ni kweli. Lakini fikiria siku nne tano uko Pemba na ufunguo uko mfukoni mwako. Watoto wanataka pilau. Mkeo atakwenda dukani kununua pakiti ya bizari ya mchanganyiko, na kuanzia hapo nyumba itakuwa na majiko mawili, la kwako lenye kufuli na la kwake lenye pakiti. Naogopa pia kuwa kufuli itamjibu swali ambalo bado hajakuuliza. Ikishaning'inia pale, hata ukimwambia unamwamini, macho yake yataiangalia shaba.

Unaweza kumwambia fundi aiondoe kufuli, au achonge ufunguo wa pili na wewe uutie mkononi mwa mkeo kabati likiingia mlangoni. Hapo kabati litakuwa la nyumba. Hatari yake ni kuwa kama moyo haujatulia utageuka wewe mwenyewe kuwa kufuli, kila ukisikia mlango wa kabati unalia unachungulia. Mtu anaweza kutoa ufunguo na asitoe kitu. Unajijua. Kama hujafika hapo, usiharakishe kwa sababu fundi anapiga simu. Mlipe sehemu ya salio, umwombe alihifadhi mwezi mmoja, mafundi wamezoea.

Ipo na njia ya kutenga vitu viwili: cha kupikwa kikae jikoni, cha kukumbukwa kiwe na kisanduku chake chumbani, na kila mtu aambiwe kilichomo. Inaweza kukupa utulivu. Angalia tu kisije kikawa cha usiku tena, cha kufunguliwa peke yako.

Na kama utataka, nenda Mtambwe ukawatafute waliokuwa wakitwanga pamoja na mama, mashoga zake, shangazi zako, yeyote aliyeshika mchi upande wa pili wa kinu. Kipimo hakuandika, lakini wanawake hawa hubeba kipimo kwenye kiganja. Ukimchukua mkeo, yeye ndiye wa mwisho kuishika bizari ile na kuiona ilivyobadilika kwenye samli. Huenda pua yake inakumbuka kitu ambacho wewe hukukijua, kama iliki ilizidi, kama kulikuwa na kungumanga. Ila sikufichi: haitatoka ileile. Mtatwanga, utanusa, utasema bado, na ukisema bado kwa sauti ya kulaumu safari itakuwa mbaya kuliko kukaa nyumbani. Naye anaweza kuona umempeleka akalipe deni. Kwa hiyo pengine safari hiyo si ya mwezi huu.

Kuzungumza naye hakuna namna ya kukukwepa, na naona unakuogopa, kwa sababu kuna maneno yako ambayo hata mimi hukuniandikia. Hayo usiyaache yakae. Unaweza kuanza na hayo, umwombe radhi kwa hayo peke yake, bila "lakini" nyuma yake. Au unaweza kuanza na nyakati zile za usiku, umweleze ulivyokuwa ukilifungua kopo, asikie kutoka kwako na si kutoka kwa barua. Usianze na swali la "kwa nini". Ulishaliuliza usiku ule na lilitoka kama shoka. Na ukizungumza, jiandae kusikia. Anaweza kukwambia miaka hii yote amekuwa mgeni jikoni mwake, anaomba iliki. Anaweza hata kukiri kuwa siku ile mkono wake ulijua unachofanya, kwa uchovu wa chupa na daftari. Likitoka hilo litauma. Lakini utakuwa na kitu cha kushika, tofauti na hizi dhana zinazokuamsha usiku.

Jambo dogo la mwisho. Chupa yako ya kwanza ni ya Machi 2021, miezi minne baada ya mama kuondoka. Sikuambii maana yake, pengine hakuna. Ulipoibandika karatasi ile ya "Karafuu, Mtambwe", ulikuwa na nani jikoni?

Ukipata nafasi niandikie tena. Barua yako imenieleza chupa 52, kabati, kufuli na ufunguo, lakini haikusema lile kopo la maziwa liko wapi sasa, na nani aliliondoa dirishani.

Shangazi yako